Hisa za Sabuni na Nauli Yako

Chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kijino,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Kifua chako je, bado kinakubana baridi ikizidi? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika kwa kusimama kutwa nikipakia sabuni. Nimekukumbuka mpaka chakula hakipiti.

Sasa habari ya nauli. Nilikuandikia kwa maringo kwamba kiwanda kimetuuzia hisa sisi wafanyakazi, nami nikiziuza tu, wewe unapanda ndege. Chumba chako nimekwisha kukipaka rangi. Fundi saa, jirani yetu, alikuwa tayari kuzinunua. Tukafuatana hadi ofisini, mimi nimevaa viatu vya harusini.

Mhasibu alitukaribisha vizuri, kisha akanikata maini. "Dada, hizi hatukuziuza kwenye soko la hisa. Tuliuziana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana mlizipata kwa bei nafuu. Huwezi kumuuzia mtu wa nje mpaka mwaka uishe, na kampuni iridhie."

Nikamuuliza, kwani si zangu? Akasema ni zangu kabisa! Basi ninazo kama kuku wangu aliyefungiwa kwenye banda la jirani. Fundi saa alicheka njia nzima, nami nikacheka nisije nikalia barabarani.

Tulipofika nyumbani alininong'oneza tuandikiane kienyeji, anilipe sasa, hisa achukue baadaye. Sikufichi, nilitamani. Lakini wakinigundua, hisa zinafutwa na kazi inaota mbawa. Nani atamtunza mama? Nikakataa.

Mama hajambo, ila macho. Daktari anasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Siku hizi hunitambua kwa harufu ya sabuni. Nilipomweleza habari ya hisa alisema, "Mwaka mzima? Mimi nataka kumwona mwanangu, sitaki kumpapasa."

Uliposema utakopa nauli nilikuja juu, eti dada mkubwa nipo. Leo maringo nimeyaweka kando. Kopa, mdogo wangu. Hisa zikifunguliwa, deni ni langu.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na yule mama mwenye nyumba anayekuchemshia maji ya kuoga. Shangazi na fundi saa wanakusalimu. Mungu akulainishie njia.

Usingoje mwaka. Njoo mama angali anaona.

Wako asiyeacha kuchungulia dirishani,
Dada