Mapafu Yangu Mazima, Nyumbani Wamenuna

Mpendwa Mama Atupele, naomba msaada wako haraka, maana nyumbani kwangu watu wamekaa matanga na hakuna aliyekufa, sababu ni kwamba daktari amenipima mapafu akayakuta mazima. Mimi ni Ameir, mzaliwa wa Unguja, mstaafu hapa Durban, naishi Albert Park ghorofa ya tano na mke wangu Amne, na ujana wangu niliumalizia bandarini kwenye ile meli ya mafunzo walikofundishwa vijana ubaharia, meli kuukuu ambayo mabomba yake ya moto yalikuwa yamefungwa asbesto, ile pamba ya mawe isiyoungua, na vumbi lake limewaharibu mapafu wenzetu wengi, na baada ya mawakili kuhangaika miaka na miaka sasa umefunguliwa mfuko wa fidia kwa wazee wote wa meli ile watakaothibitishwa kwamba wanaumwa. Mimi nilikuwa stuwadi, nikiwapelekea walimu chai na mayai kule juu, chumba cha injini nilichungulia mara moja moja tu kuwaita watu chakula, lakini nani alijali, sote tulihesabiwa watu wa meli.

Basi Amne aliposikia habari za mfuko alifurahi mpaka nikaona haya, akawaambia wanawake wa msikitini kwamba tunarudi Unguja moja kwa moja, akaanza na kugawa vitu, friji akamwahidi jirani yetu Inès, dada wa Kirundi anayesuka nywele hapo chini, na siku niliyotoka hospitali na majibu nilimkuta Inès keshafika na toroli.

"Papa Ameir, iko namna gani?" akaniuliza. "Friji nabeba leo ao kesho?"

Nikamwambia daktari hakuona ugonjwa wowote.

"Merci Seigneur!" akapiga makofi. "Mama Amne, mapafu ya mzee iko bien! Tushangilie!"

Amne hakushangilia. Alisema, "Mtu kaishi melini miaka yote ile, hata ugonjwa hakupata. Faida niliyoipata mimi kwa meli yako, Ameir, ni kile kitambaa changu tu." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Hicho kitambaa nakueleza kwa sababu ndicho kinachoniuma, tulipooana tulipanga chumba cha uani kule Bluff, tukipikia mkaa, na fundi mkuu wa meli alipokuwa akigawa mabaki ya matengenezo nikamchukulia bibi harusi wangu kipande kizuri, cheupe, kizito, kisichoshika moto, na wenzake wote wakamwonea gere. Hukitandaza juu ya mfuniko anapopalia wali makaa, hushikia masufuria, akimaliza hukikung'uta ukutani mpaka vumbi jeupe linamjaa kwenye kanga, na hadi leo akipata oda ya pilau ya harusi hushuka nacho uani nyuma ya jengo, kingine hataki. Mimi jikoni siingii, lakini zawadi ile niliichagua kwa moyo wangu wote, na leo inatajwa kwa kejeli.

Sasa mama, mke huyu kanisusa. Lifti ya jengo letu ni mbovu tangu zamani, na tukipanda ngazi hataki kuongozana nami, tukifika ghorofa ya pili anakaa kwenye ngazi, anashika ubavu, ananipungia mkono nitangulie, nikimsemesha ananigunia tu, na nikianza kujieleza anakohoa kikohozi kirefu cha dharau mpaka nanyamaza mwenyewe. Chakula anapika lakini yeye hali, kapungua, kanga inamzunguka mara mbili, ilimradi majirani waone kwamba namtesa. Na kununa huku hakukuanza na majibu ya daktari, kulianza mwaka jana, nadhani alishahisi mapema kwamba nitamwangusha.

Rafiki yangu wa meli, Godson, yeye alikuwa akibandua asbesto kwenye mabomba na fidia yake keshalipwa, anakaa Clairwood kwa mwanawe, yeye na mkewe, chupa yake ya oksijeni pembeni, nikaenda kumlilia. Akanisikiliza, akavuta hewa, akasema, "Ameir, chukua picha yangu moja ya mapafu, mimi wamenipiga nyingi. Jina tunakwangua, unasema ulikuwa injini pamoja nami. Tumepatana, sharp?" Nimeiweka chini ya godoro. Mungu anisamehe, Godson namwonea wivu, maana mkewe anamchekea siku nzima. Nipeleke picha ya Godson nipate amani na Amne, au nibaki na mapafu yangu mazima na upweke wangu?

Ameir, Albert Park

*

Bwana Ameir,

Barua yako niliianza kwa kicheko, nikamsomea hata mwenzangu wa meza ya jirani hapa gazetini ile habari ya friji. Nilipofika kwenye ngazi nikaacha kucheka. Mkeo hajanuna, Bwana Ameir. Mkeo hana pumzi. Mtu aliyesusa hashiki ubavu, wala hakondi kwa kukukomoa, na hicho kikohozi unachokiita cha dharau amekuwa nacho tangu mwaka jana, kwa maneno yako mwenyewe. Umezungumza na daktari, na mawakili, na Godson, na sasa na mimi, na muda wote huo mgonjwa alikuwa amekaa ghorofa ya pili akikupungia mkono utangulie, nawe ukatangulia!

Hebu fikiri. Kitambaa kizito, cheupe, kisichoshika moto, kilichotoka kwenye meli ile ile, ulidhani kimefumwa kwa kitu gani? Nina hofu kubwa kwamba ni asbesto, ile ile iliyomfikisha Godson kwenye chupa. Wewe ulikuwa juu na trei ya chai. Aliyekuwa akilikung'uta vumbi ni Amne, tangu harusi yenu mpaka pilau ya juzi. Mimi si daktari. Huenda ni pumu, huenda ni kifua kikuu, nami naomba iwe kimojawapo, maana vina dawa. Lakini ni lazima apimwe, na apimwe na mtu anayejua historia ya hicho kitambaa.

Najua umeshaanza kujilaumu. Acha. Hukujua, ulimpenda ukampa kitu kizuri, na waliokuwa wakigawa mabaki yale ndio waliopaswa kujua. Nakuonea huruma kwa dhati. Lakini huruma yangu inaishia leo, kwa sababu kuanzia leo unajua.

Picha ya Godson mrudishie. Ukikamatwa utafungwa, na hata usipokamatwa utakuwa umempotezea nafasi mzee mwingine anayeumwa kweli. Na kumwonea wivu mtu anayevuta hewa ya kwenye chupa, eish, hilo nakuachia wewe na Mola wako. Mkewe anamchekea siku nzima kwa sababu hajui siku zimebaki ngapi. Yako mapafu yashukuru, na mwakani urudi yakaangaliwe tena, maana ugonjwa huu hujificha miaka mingi.

Kitambaa nacho, kishughulikie wewe uliyekileta, si Amne. Usikikung'ute, usikifue, usikichome, wala usikitupe kwenye pipa, wazoa taka nao wana mapafu. Vaa barakoa, kinyunyizie maji kilowe, kitie kwenye mfuko wa plastiki na mfuko huo ndani ya mwingine, ufunge kwa utepe wa gundi, uandike nje kwamba ni hatari, kisha piga simu manispaa uulize kinapelekwa wapi. Pale kilipokuwa kinawekwa pafute kwa tambara bichi, usifagie. Na kama Amne katika kugawa vitu alishamkatia Inès kipande, nenda ukakichukue leo hii na umweleze kwa nini.

Kesho asubuhi mpeleke hospitali. Kabla hamjatoka mwombe radhi, kwa maneno, si kwa kumnunulia kitu. Teremkeni taratibu, na mkirudi mpande pamoja, akikaa nawe ukae. Habari za mfuko ziache kwanza. Sijui kama mfuko huo unawatambua wake wa watu wa meli, nami sitakudanganya, lakini majibu yakitoka waulize mawakili swali hilo kwa maandishi, na wakikujibu nusu nusu urudi tena.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Daktari atamuuliza Amne amewahi kufanya kazi gani. Nawajua wanawake wa rika lake, atasema hajawahi kufanya kazi, alikuwa nyumbani tu, na daktari ataandika hivyo, atampa dawa ya kifua na kumrudisha. Hapo usikae kimya kama mgeni. Simama, mwambie daktari afute alichoandika, umweleze ni kitambaa gani mkeo alikuwa akipikia nacho.

Atupele