Kipimo cha Pumzi Si Mtihani

Mama, shikamoo. Kaka, salaam.

Je, kikohozi cha Baba kinatokana na vumbi la mbao, na sigara alizoziacha mwaka jana, au na vyote viwili? Bado sijui, na leo tumekosa kujua kwa ujanja wake mwenyewe.

(Nguo ziko kambani. Zianueni, wingu limetanda.)

Asubuhi hospitalini, kabla ya kumpa Baba kifaa cha kupuliza, muuguzi alimwuliza kama ametumia dawa. Akajibu kwa fahari, “Pampu ya dawa nimeivuta mara nne pale mlangoni. Binti yangu msomi, nisije nikafeli nikamwaibisha!”

Muuguzi alicheka. Mimi niliumia. Dawa ile hufungua njia za hewa, kwa hiyo kipimo kingetuonyesha mapafu asiyokuwa nayo. Tumeambiwa turudi kesho.

~~Kaka, ifiche pampu.~~ Hapana, isifichwe. Akibanwa na pumzi aivute papo hapo, hata tukiahirishiwa tena. Asipobanwa, asiiguse kuanzia jioni hii.

Mama, najua utamtania: seremala anayepima ubao mara tatu kabla ya kuukata, anakwepa kupimwa mara moja! Mtanie kidogo tu. Njiani aliniuliza kama mtu mwenye mapafu mabovu hunyang'anywa randa yake.

Kesho siendi chuoni. Nitakwenda na Baba, na nitakaa naye mle chumbani mpaka apulize pumzi yake halisi, iwe ndefu au fupi.

Binti yenu