Siku Cheni Ilipokula Kanzu

Mpinzani wangu Salim,

Bibi yako, huyo unayemwita mchumba wako, anakusalimu. Sote hapa Temeke wazima, na shangazi yako kajifungua binti mwenye sauti kuliko adhana.

Umeniuliza kama ununue lile pikipiki kuukuu la Kijapani, la mbio, uliloliona huko Mwanza. Picha nimeitazama mpaka chai ikapoa! Silinda nne, tangi jekundu, kama langu nililonunua Kurasini nikiwa kijana.

Siku ya Idi nililipanda kwenda kumpa mkono mzee Hamadi, baba wa bibi yako, kabla wazee wangu hawajapeleka posa. Nilisikia hataki mkwe mhuni, basi nikavaa kanzu mpya. Akili hizo! Pikipiki lenyewe unalilalia kifudifudi, kanzu inapepea nyuma. Mlangoni kwake cheni ikaidaka, ikaitafuna mpaka kiunoni. Hata kushuka siwezi.

Mzee akatoka. Nikajua mke sina.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Usivute, utabaki uchi.”

Akachuchumaa, akalirudisha gurudumu kinyumenyume, akaichomoa kanzu taratibu. Mikono imejaa grisi, akaninong'oneza, “Hivi linakimbia kweli?”

“Panda, mzee!”

“Na kanzu yangu?”

“Ikunje.”

Tulizunguka mtaa mzima, mzee anacheka mgongoni kwangu. Nilivaa kanzu ili nimfiche furaha yangu, kumbe na yeye alikuwa anaitaka furaha hiyohiyo.

Linunue, Salim. Ukija nalo, wa kwanza kupanda ni mie, si mchumba wako. Kanzu nitaikunja.

Babu yako