Eliezer Hakusahau Chaja

Baba Sandrine,

Ukiamka, maharagwe yako kwenye sufuria. Betri ya gari iache jikoni ipate joto kwanza. Ikiwa imevimba, usiichaji. Ikiwa nzima, irudishe gereji: waya nyekundu ya chaja kwenye jumlisha, nyeusi kwenye kutoa, ndipo uchomeke ukutani.

Bon, sasa ukweli: Eliezer hakusahau chaja. Baridi yote hii yeye alikuwa anachomeka, mimi nachomoa tukienda kulala, kwa sababu nyumba yetu ya Kadutu iliungua kwa umeme tukiwa usingizini. Asubuhi nakimbilia basi, nasahau kurudisha.

Na Eliezer mdogo wako anajua. Siku moja alinikuta na plagi mkononi, akanicheka: “Shemeji, hapa si Kadutu.” Leo asubuhi gari lilipokataa kuwaka, ukamwambia, “Unakula hapa, unalala hapa, waya moja inakushinda,” alinitazama tu, hakunitaja. Mimi nikaendelea kumfunga Sandrine viatu. Ndipo akasema anahamia Louisville kwa dada yenu, akatoka kwenda kazini bila chai.

Sasa hivi nimesoma karatasi ya chaja neno kwa neno, kama mwalimu wetu wa Kiingereza wa jioni anavyotuambia. Betri ikijaa, chaja inajizima yenyewe. Laiti ningeisoma zamani.

~~Usimwambie kitu, nitaongea naye polepole.~~

Hapana. Napitia kazini kwake Cheektowaga nimwombe msamaha mbele ya wenzake, maana wewe ulimgombeza mbele ya watoto na mimi nikakuacha uendelee. Nikirudi naye jioni, mlango ufungue wewe, si watoto.

Mama Sandrine