Mazishi Yako Hayaenei Kwenye Diski Moja

Baba Neema,

Huyu mke mwenzangu amenishinda. Unamjua ninayemsema: hii kompyuta yako ya kwenye kona ya sebule, uliyokuwa ukirudi kazini, hujavua hata viatu, unakwenda kumsalimia yeye kwanza. Nilikuwa nakutania, "Bibi mdogo ameshakula?" Leo mimi ndiye nimekaa naye tangu asubuhi. Feni yake inanguruma, na kila nikitazama ule mstari unaojaa pole pole nasimama, naenda jikoni, naosha kikombe ambacho ni kisafi, narudi. Sijatulia, mume wangu. Tangu uondoke sijui kutulia kukoje.

Acha nikueleze. Ndugu zako wa Moshi walifanya kama ulivyokuwa unawafanyia watu hapa ugenini. Walitafuta mpiga video, mazishi yako yakarekodiwa yote, kuanzia jeneza linashuka uwanja wa ndege mpaka kaburini. DVD ikaja na msafiri, imefungwa kwenye kitenge, katikati ya dagaa na unga wa ulezi. Mpaka leo inanuka dagaa. Tatizo ni ile diski kubwa, ya matabaka mawili, inayobeba karibu mara mbili ya hizi zetu za kawaida. Wewe hukuzipenda. "Hizo ni za kujionyesha," ulikuwa unasema, "deki za watu hazizijui." Na kweli, mdogo wako Elia alipopita hapa akaijaribu kwenye deki yetu, ilizunguka kidogo ikagoma. Ni kompyuta yako tu inayoisoma, nayo kwa kusitasita. Na yule mpiga video ameshafuta zake, hii ndiyo iliyobaki duniani.

Na watu wanaingoja. Si unajua sisi tusioweza kwenda, huku tunazika kwa televisheni? Watu wakae pamoja, walie, wale pilau, ndipo tanga lianuliwe. Wangapi umewachomea diski za namna hiyo, Wakenya, Wakongo, na sisi wenyewe! Jumamosi hii ni zamu yetu. Elia anakuja tena kutoka Houston, gari limejaa watu wa mtaani kwake Alief. Wa hapa jirani, Carrollton, wamesema wanakuja na masufuria yao. Wote wanataka kuona, na kila nyumba inataka kuondoka na nakala.

Sasa nikwambie kinachoniuma. Mimi mwenyewe sikuwa nimeiangalia. Niliogopa. Miaka yote ulipakia mizigo ya watu pale ghalani uwanja wa ndege, mwisho ukapakiwa wewe, tena peke yako. Mwanasheria alisema makaratasi yangu ya ukaazi bado, nikitoka sirudi, na Neema yuko shule. Elia naye hivyo hivyo. Siku ile nilisimama kwenye parking ya apartment hapa Euless, ndege zinapanda moja baada ya nyingine, hata sijui ipi ndiyo yako. Mke gani hamsindikizi mumewe? Usinijibu.

Kwa hiyo nikajiambia, kutoa nakala si lazima uangalie. Unaweka diski, unabonyeza, unageukia ukutani. Nikabonyeza ile sehemu ya kubana, inayokamua diski kubwa iingie kwenye ndogo moja, nikampelekea Elia ya majaribio. Alipiga simu hata salamu hakutoa. "Shemeji, hii umeifanya uji. Mama yangu mwenyewe simtambui!" Neema akatoa kichwa chumbani: "Mom, just split it. Two discs." Ati just! Mtoto wako huyo, majibu yake mafupi kama yako.

Lakini kugawa kunataka mahali pa kukata, na mahali pa kukata hupajui mpaka uangalie. Nikakumbuka siku unatengeneza harusi ya yule binti wa Kikongo, mimi nimesimama nyuma yako na mwiko, nakwambia chakula kinapoa. Ukasema bila kugeuka, "Mama Neema, usimkate mtu anaongea. Usimkate analia. Ngoja wanyamaze." Nikakwambia Wakongo hawanyamazi harusini, utakaa hapo mpaka Pasaka. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka.

Basi nikaangalia. Kulikuwa na manyunyu, matope yamewapanda watu mpaka kwenye pindo za nguo. Mjomba wako aliyekusema vibaya maisha yako yote alilia kuliko wote, mnafiki yule. Jeneza lilikuwa zuri. Nilisema hivyo kwa sauti hapa sebuleni, "Jeneza zuri," kama kuna mtu kaniuliza. Mimi natafuta kimya, nao hawanipi. Watu wetu bwana! Wakimaliza kuimba wanaomba, wakimaliza kuomba wanakohoa.

Halafu wakaanza mashada. Mwenye kipaza sauti akasema, "Tunaanza na mke wa marehemu."

Kimya.

Kamera ikanitafuta, Baba Neema. Ikaenda kulia, ikaenda kushoto, watu wakageuza shingo, ikarudi kaburini. Kimya kizuri cha kukatia, tena katikati kabisa ya diski, kama ulivyonifundisha. Mkono ulikuwa tayari kwenye mouse. Nikasimama, nikatoka mpaka kwenye gari, nikakaa ndani sijaliwasha, naona haya mbele ya watu walioko Moshi. Ukikata hapo, nyumba zote zitakaa zikitazama shimo na mimi sipo. Niliingia ndani, nikatoka tena. Jirani aliniuliza kama nimepoteza funguo.

Niliporudi nikaiacha iendelee. Nikamwona mama yako anainuka kwenye kiti. Walitaka kumshika mkono, akawakatalia. Akachukua shada, akapiga yale magoti yake mabovu kwenye tope, akaliweka. Alipoinuka akaomba kipaza sauti. Mama yako! Yule ambaye kwenye simu huongea kama vocha ni ya kuazima! Akasema, "Hili ni la mke wake. Msigeuze shingo. Yuko njiani."

Nililia, sikufichi. Nililia kwa sauti ambayo sikuitoa hata siku ile waliponipigia simu kutoka kazini kwako. Neema akaja akakaa sakafuni, akanikumbatia mguu, halafu akasema kwa Kiswahili, mtoto ambaye hata ugali anauomba kwa Kiingereza: "Mama, irudishe. Nataka kumsikia Bibi tena." Tukairudisha.

Nimekata hapo. Baada ya neno la mama, kwaya haijashika wimbo. Diski ya kwanza inaishia pale, na popote watakapoiangalia, mtu atainuka kubadilisha diski akiwa na neno hilo masikioni. Zinachomwa sasa hivi. Moja imeharibika nimeitupa, nyingine inakwenda. Majina nimeandika kwa ile kalamu yako ya wino, sikubandika karatasi, maana ulinikataza, karatasi hubanduka ndani ya deki za watu. Ile kubwa nimeirudisha kwenye kitenge chake. "Ya kwanza haitoki nyumbani," si ndivyo ulivyokuwa unasema?

Jumamosi watakula, watalia, watasema tanga limeanuliwa. Nitawaacha waseme. Langu mimi bado. Makaratasi hayajatoka, sijui yatatoka lini, na usinihimize, maana unanijua nikihimizwa. Lakini siku yatakapotoka sitasubiri hata kufungasha vizuri. Mama yako amesema neno mbele ya mchungaji na kijiji kizima, na sasa mimi mwenyewe nimelitolea nakala. Mtu akishazeeka vile hafanywi mwongo na mkamwana.

Lala, Baba Neema. Waambie wasizike mtu mwingine hapo ubavuni kwako. Niko njiani.

Mkeo,
Mama Neema