Kikaratasi Ndani ya Gauni la Bluu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha Mbele.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na watoto. Natumaini hamjambo nyote na ile homa ya yule mdogo imeshapoa. Sisi huku ni wazima, ukiondoa macho ya Mama, ambayo nitayafikia, na ukiniondoa mimi, maana tangu Ijumaa damu inanichemka na haijatulia mpaka leo.

Usishangae kupata barua. Nikikupigia simu unanikatiza kabla sijamaliza sentensi, na ujumbe wa sauti wifi kaniambia unausikiliza kwa kasi maradufu, eti nasikika kama kasuku. Karatasi haina kasi maradufu. Anayekuletea ni shemeji yetu fundi bomba, anasafiri Jumapili, na nimemwambia asiondoke kwako mpaka akuone umefika mwisho.

Nianze na hiyo Ijumaa. Uliandika kwenye kundi la familia, mbele ya shangazi, mbele ya baba mdogo na wanawe wote: "Gauni tunauza elfu thelathini. Kitambaa, bitana na zipu ni elfu kumi na mbili. Faida ni zaidi ya nusu. Dada atueleze, hizo elfu kumi na nane zinaishia wapi?" Ukamalizia na kikatuni kinachokuna kidevu. Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni Mama akiwa kazini. Kama ningekuwa na mkono mrefu, ningeanzia kwenye maziwa ya chupa yako.

Jumamosi shangazi alikuja hapa kunijulia hali, na macho yake yote yalikuwa kwenye viatu vyangu, kuona kama ni vipya. Hilo ndilo ulilonifanyia.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe duka letu la mtandaoni unaliona kwenye kioo cha simu, picha nzuri na nyota nne na nusu. Mimi naliona kwenye kochi la Mama, ambalo halikaliki kwa maboksi. Naliona kwa dereva wetu wa pikipiki, yule tunayemwita Radi, anapobisha hodi na mzigo aliokwenda nao asubuhi, ananikabidhi bila kuniangalia usoni.

Swali lako mimi nilikuwa nimeshajiuliza miezi miwili iliyopita, ila nilijiuliza kwa adabu. Oda zinaingia, kibweta cha fedha hakijai. Kwa hiyo nilichukua magauni kumi yaliyokuwa mezani, na ndani ya kila moja, kwenye bitana, nikabana kikaratasi kwa pini. Nikatoa amri: kila atakayeligusa gauni hili aandike amefanya nini na ametumia kiasi gani, likienda kwa mteja kikaratasi nakibandua, na likirudi nakirudisha ndani. Radi alilalamika kwamba yeye ni dereva, si karani. Akaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri kuliko wako.

Nikupe habari za moja tu, lile la bluu, saizi ya kati. Juu ya zile elfu kumi na mbili zako weka mia nane za uzi na umeme wa pasi. Weka elfu na mia mbili za boksi na gundi, na elfu mbili na mia tano za pikipiki. Mteja wa kwanza akalijaribu, akasema linambana kwapani. Likarudi. Pikipiki ileile, bei ileile, na nani analipa? Sisi. Kwa nini? Kwa sababu Mheshimiwa ulitangaza kwa herufi kubwa: KUPELEKEWA BURE, KURUDISHA BURE! Hukumuuliza mtu.

Mama akalifumua kwapani, akalitanua. Likaenda kwa mteja wa pili ndani ya boksi jipya. Huyo alilirudisha Jumatatu akisema rangi haimpendezi. Rangi ilimpendeza sana Jumamosi, maana gauni lilinukia manukato na pindo lilikuwa na mchuzi. Dobi akataka elfu moja. Mama akafumua pindo lote, akashona upya. Mteja wa tatu ndiye aliyelichukua kabisa, Mungu ambariki, na ule mtandao wa kuuzia ukakata elfu tatu zake kama kawaida.

Jumla ni elfu thelathini na mbili na mia tisa. Tumeliuza elfu thelathini. Ndiyo hivyo, Mkurugenzi, tumemlipa mteja elfu mbili na mia tisa ili atusaidie kulivaa.

Najua utaruka kusema nimechagua gauni lenye mkosi. Nakuachia hata hilo. Magauni sita kati ya yale kumi hayakurudi kabisa, mengine matatu yalirudi mara moja moja. Nimeyajumlisha yote kumi, yenye bahati na yasiyo na bahati. Kila gauni, kwa wastani, limetuachia elfu saba na mia tatu. Sasa nenda kamuulize fundi yeyote hapa mtaani kushona gauni kama lile ni bei gani. Elfu nane, na hapo umebembeleza.

Soma tena hapo, polepole. Kama tungemlipa Mama kama fundi mwingine yeyote, kila gauni lingetutia hasara ya mia saba. Hicho unachokiita faida ni ujira wa Mama ambao hatujawahi kumlipa. Hesabu yako haina mstari wake. Kitambaa umekihesabu, zipu umeihesabu, mama yako mzazi hukumhesabu. Na mimi niliyekaa naye chumba kimoja sikumhesabu mpaka nilipoona kikaratasi, kwa hiyo sijitoi. Nina hasira na wewe, na nyingine nimejiwekea mwenyewe.

Nafika sasa kwenye macho. Ni mtoto wa jicho, la kulia limeshaziba na la kushoto linafuata. Uzi namtungia mimi. Mshono anaufuata kwa kidole. Wiki iliyopita alishona mkono wa gauni ndani nje, akacheka, kisha akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu. Daktari amempa tarehe ishirini na sita mwezi huu, na fedha za upasuaji alikuwa amezikusanya kidogo kidogo kwa miaka miwili kwenye bahasha.

Bahasha hiyo aliniwekea mezani siku ileile ya Ijumaa, baada ya kusomewa ujumbe ule na mwingine ulioufuatisha, kwamba tuagize vitambaa vya magauni mia mbili. "Kanunue," akaniambia. "Mdogo wako kasoma, kasema zaidi ya nusu ni faida. Jicho litasubiri." Nikamweleza yote niliyokueleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha kwa ule upole wake unaoua akasema, "Mwanangu, usimwonee wivu mdogo wako."

Magauni mia mbili. Mama anashona gauni moja kwa siku mbili. Hizo ni siku mia nne, kwa jicho moja bovu. Ulizipiga hesabu hizo ulipokuwa unakuna kidevu?

Mwenye duka la vitambaa anatusubiri hadi Jumatano ya wiki ijayo. Bahasha ipo kabatini kwangu, sijaigusa, lakini kila asubuhi Mama ananiuliza kama nimekwenda, na nimechoka kumdanganya. Mimi hanisikii. Wewe kitinda mimba wake ukikohoa tu anakusikia. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, kabla shemeji hajamaliza chai yake, mpigie. Usimwambie dada kasema. Mwambie wewe ulikosea hesabu, na hospitali aende. Kisha ifute ile ofa yako ya bure, na kwenye kundi ulisafishe jina langu kwa herufi kubwa zilezile.

Msalimie sana wifi, mwambie zile picha za watoto tumezipokea na Mama anazishika kila siku. Wabusu watoto, waambie shangazi yao hajawakasirikia wao. Shangazi na baba mdogo wanakusalimu. Radi naye anakusalimu, anauliza lini utakuja ubebe mizigo ya kurudi walau siku moja. Mungu awalinde na akupe moyo mwepesi wa kukiri kosa.

Kikaratasi cha gauni la bluu kimo ndani ya bahasha hii. Nilikibandua harakaharaka nikifunga boksi la mteja wa tatu, nikakisoma gauni likiwa limeshaondoka. Mwandiko wa Radi utaujua, wa dobi pia. Yale maandishi makubwa yanayopanda mlima ni ya Mama. Nilimwambia na yeye aandike gharama yake, akaandika: "Kushona, siku mbili. Bure." Chini yake: "Kutanua kwapa. Bure." Mstari wa mwisho, wa pindo, utaona neno lake limeishia kwenye "bu". Usidhani alichoka. Karatasi ilikwisha na hakuona kwamba imekwisha. Herufi zilizobaki ameziandika kwenye bitana, na gauni tumeshaliuza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekunja uso,

Dada Mkubwa