Kurasa Tatu za Daftari la Maombi

Gudele, Juba
Jumatano

Dada yangu Nekesa,

Nakusalimu salamu za asubuhi, za mchana na za jioni, kwa sababu sijui barua hii itakukuta saa ngapi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwenye hasira, ameacha kupiga ndoo teke? Mimi ni mzima. Malaria ilinishika wiki mbili zilizopita, ikaangalia hali yangu, ikaniachilia.

Usishangae kupokea karatasi siku hizi za simu. Wakili wangu amenikataza kuzungumzia kesi kwenye simu. Anasema ukiwa Juba hata ukiongea na dada yako mnakuwa watu watatu. Kwa hiyo naandika, na barua inakuja mkononi mwa Barasa, dereva wa lori la saruji anayerudi Malaba bila mzigo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Unasema niombe msamaha, nirudishiwe pasipoti iliyozuiwa na korti, nije nyumbani Mama anitie machoni. Ni maneno ya busara, na wewe ndiye uliyenilea, siwezi kuyajibu kwa ukali. Acha nikueleze yote kwa utaratibu, kisha uamue kama bado unanikasirikia.

Unajua nilikuja huku kama fundi wa jenereta. Shirika letu dogo la haki za binadamu lilinipa kazi kwa sababu jenereta lao lilikuwa linakataa kuwaka, na nilipolitengeneza wakagundua najua pia kuchapa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani. Sikusomea haki za watu. Nilizisoma kwenye makaratasi niliyokuwa nachapa, kama mtu anayejifunza kupika kwa kuosha sufuria.

Jumapili nasali na ushirika wa Kiswahili kule Hai Mauna, kwenye kanisa la mabati. Tuko Wakenya, na tuko na wenyeji waliokulia kambini Uganda wakarudi na Kiswahili chao. Mimi ni katibu wa maombi. Mtu akiwa na shida anaiandika kwenye karatasi, anaitia kwenye kikapu, nami nainakili kwenye daftari, jina lake, mahali anapokaa na ombi lenyewe. Kila ombi nililipa ukurasa wake, ili Mungu apate nafasi ya kujibu. Ombi likijibiwa, mwenyewe anakuja mbele, anashuhudia, anashika kalamu na kulifuta kwa mkono wake. Ndiyo desturi yetu.

Mwaka jana kikapu kilianza kujaa maombi ya namna moja, nikayafungulia daftari lake peke yake. Watu wa upande wa Lemon Gaba walibomolewa nyumba asubuhi moja, trekta likapita juu ya vitanda, na kijana mmoja aliyegoma kutoka mlangoni akapigwa hadi akapoteza jicho. Ardhi ile inadaiwa na tajiri mmoja ambaye jina lake sitaliandika. Tayari nimeliandika mara moja, na unaona lilikonifikisha. Wale watu hawakwenda polisi wala hawakuja ofisini kwetu. Walikwenda kwa Mungu, kwa kupitia kikapu. Mimi niliwaomba ruhusa mmoja mmoja, nikaondoa majina yao, nikachapa ripoti. Mkurugenzi wetu aliisifu, akaweka jina langu chini kama mwandishi, kwa heshima. Wiki iliyofuata alikwenda Kampala kwa semina ya siku tatu. Semina hiyo sasa imeingia mwezi wake wa nne.

Ndipo yule tajiri akanishtaki kwamba nimelichafua jina lake. Kortini yeye ndiye anayeitwa mlalamishi. Mwanzoni nilicheka. Sasa sicheki tena, nimezoea.

Hoja yake ni nyepesi: hao watu hawapo, nimewatunga, mgeni mimi. Wakili wake ameniandalia hata barua ya kuomba msamaha, ndiyo hiyo unayotaka nitie sahihi. Dada, wewe hukuisoma. Inasema: "Nakiri kwamba watu niliowataja hawakuwahi kuwepo." Imechapwa vizuri kuliko ripoti yetu. Nikiisaini, wanawake ninaokaa nao benchi moja kila Jumapili watakuwa hawajazaliwa.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilisimamishwa kizimbani. Nikaapishwa kwa Biblia, mkalimani kando yangu. Jaji akauliza kama kuna maandishi yoyote yenye majina ya hao mashahidi. Nikajibu yapo, kwenye daftari la maombi, nyumbani kwangu.

Wakili wangu Taban, kijana mwema anayenitetea bila malipo, aliangalia viatu vyake. Jaji akaandika, kisha akaamuru nilete daftari Alhamisi ya wiki hii. Nisipolileta ni dharau kwa korti, na dharau inalala gerezani.

Tulipotoka nje Taban alinishika mkono.

"Bwana Wafula, pale ndani ulisema nini?"

"Ukweli."

"Nani alikuuliza ukweli? Uliulizwa daftari. Ungesema mchwa wamekula. Juba hii, nani angebisha?"

"Nilikuwa nimeapa, Taban."

"Kila mtu anaapa," akasema. "Ni kama kupangusa viatu mlangoni."

Alisema kwa huzuni zaidi kuliko hasira. Na kusema kweli, usiku huo na mimi nilijilaumu. Mama alituchapa kwa kila uongo mdogo, sasa angalia, nusu ya kesi hii ni yake. Lakini usimwambie.

Ujue kinachoogopwa si hadithi. Katika wale watu, mzee mmoja aitwaye Lado ndiye pekee aliyesema waziwazi, redioni, kwa jina lake. Alichukuliwa na gari lisilo na namba. Akarudi baada ya siku nyingi, meno yamepungua, na tangu hapo ukimsalimu anaitikia kwa kichwa. Haimbi tena kanisani, yeye aliyekuwa na sauti ya kutikisa mabati. Daftari langu lina Lado wengine kumi na wanane, na wanapokaa.

Mchungaji alinishauri nilitoe, kwa ajili ya amani ya kanisa. Nilimuuliza amani ya nani. Akasema ataniombea. Nikamwambia asiandike kwenye daftari.

Nimeomba, dada. Nilipiga magoti mpaka nikajua kila shimo la sakafu ya chumba changu. Sikusikia sauti. Nilichokipata ni wazo moja kavu tu, tena wakati nafua shati: yale maombi si yangu. Si ya korti, si ya shirika wala si ya tajiri. Ni ya walioyaandika.

Jumapili, baada ya ibada, niliwaomba wenyewe wabaki. Wakabaki kumi na wanne. Nikawaeleza yote bila kupamba. Nikasema: "Kila mmoja achukue ukurasa wake. Atakachofanya nao ni shauri lake. Alhamisi nitamwambia jaji kwamba nimewarudishia wenyewe."

Hakuna aliyeinuka. Mtoto mmoja alilia akanyonyeshwa. Kisha mama mmoja mzito akasogea, akachukua ukurasa wake, akaukunja mara nyingi mpaka ukawa kama kidonge, akautia kifuani pale anapoweka simu. Hakuniangalia. Baada yake wakaja wengine. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la chai akauweka juu ya makaa, akasimama pale hadi ukaisha. Mwingine hajui kusoma. Akaniomba nimsomee kwanza. Ombi lake lilikuwa kwamba mlango wake urudi. Hakuomba nyumba, ni mlango tu, alikuwa ameununua mpya. Nilimsomea, akasema "malesh", yaani basi hainidhuru, akauchana vipande vidogo kama anayewarushia kuku.

Niliwaambia ni sawa. Na ni sawa kweli. Ila nakiri kwako, kila ukurasa ulipong'oka nilisikia uchungu, kwa sababu zamani mtu akija mbele ya daftari ilikuwa ni kwa kushukuru.

Keji alingoja mpaka mwisho. Ni mjane, anauza chai barabarani hapa Gudele, na yule kijana aliyepoteza jicho ni mwanawe. Akashika ukurasa wake, akauliza:

"Hii, wewe nakata jina yangu nusu kwa nini? Umeandika Keji peke yake."

"Ndivyo ulivyoandika kwenye kikapu, mama."

"Ile siku mimi naogopa. Lete kalamu."

Akaandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake, kwa mwandiko wa shule ya kambini, polepole, ulimi nje. Kisha akaniambia: "Huyo mukubwa anasema mimi hapana iko. Sasa nitaenda anione. Mutoto yangu pia ataenda, anione na jicho moja."

"Mama Keji, unajua yaliyompata Lado."

"Najua. Mimi ndiye nilimupikia uji, hawezi kutafuna." Akanirudishia kalamu. "Wewe unafikiri nikikaa kimya hawajui nyumba yangu? Nyumba gani?"

Watu walicheka kidogo, kicheko kile cha msibani. Wanawake wawili waliokuwa bado hawajachukua kurasa zao wakaomba kalamu. Ni hao tu. Wengine kumi na mmoja walikuwa wameshachukua, na walioanza kuondoka hawakugeuka, wala simlaumu hata mmoja. Wengine watano hawakuja kabisa, wamehamia ng'ambo ya mpaka. Kurasa zao nilizisoma kwa sauti ya chini mara moja ya mwisho, nikazitia kwenye makaa ya lile jiko la chai. Mungu alikuwa na muda wa kutosha kuzisoma.

Nimemwambia Taban. Akavua miwani.

"Hiyo inaitwa kuharibu ushahidi."

"Ni kurudisha mali ya watu."

"Jaji anaweza kukufunga kwa yote mawili." Kisha akauliza saa ngapi wale mama watatu watafika, ili awatafutie kivuli cha kungojea.

Basi kesho naingia kortini na jalada la daftari na kurasa tatu ndani yake. Taban anasema huenda jaji akawasikiliza Keji na wenzake, na huenda asiwasikilize, ila mimi kulala ndani ni karibu hakika. Nimempa jirani funguo na lile jiko langu la gesi. Nimefua shati la pili. Naogopa, Nekesa. Imani niliyo nayo haijaondoa woga, imeupa tu kiti ukae.

Kwa hiyo ile barua ya msamaha siisaini. Nisamehe wewe, badala yake.

Wasalimie wote: Mama kwanza, umwambie nakula vizuri; shemeji yangu Simiyu, mume wako, na namshukuru kwa kumpeleka Mama kliniki; Nafula, binti yenu, aendelee kusoma, ila asisomee sheria bila kuniuliza; na Kuka, babu yetu, umsemee karibu na sikio lile zima.

Nyumba ikikaa siku kadhaa bila simu yangu, usimwambie Mama ni mtandao. Amechoka kudanganywa na mtandao. Mwambie nimefungwa, na mwambie kwa nini.

Na jambo la mwisho. Najua kikundi chenu cha akina mama kimeniweka kwenye orodha ya maombi, "arudi nyumbani". Msinifute. Mwombe tu katibu wenu aongeze maneno mawili baada ya hayo: "bila kuwataja".

Ni mimi mdogo wako,
Wafula